Siku Mama Mwiko Alipozidisha Chumvi

Mlango wa stoo ulikataa kufunguka kwa mara ya tatu wiki ile, na safari hii Mama Mwiko hakuupiga teke. Aliweka kiganja juu ya mbao zake akatulia, kama mzazi anayempima mtoto homa. Mbao zilikuwa zinatetemeka. Lilikuwa tetemeko dogo, la chini kwa chini, kama la paka anayekoroma. Nyuma ya ukuta, mashine ilikuwa inachimba.

Akainua macho. Jumatatu, ufa uliokuwa juu ya mlango ulikuwa mwembamba kama unywele. Leo Alhamisi alichukua kisu cha vitunguu, akaijaribu ncha yake ufani, ikaingia. Akasukuma. Kisu kikazama chote mpaka kwenye mpini, na hewa ya baridi yenye harufu ya udongo mbichi ikampuliza vidoleni.

"Mungu wangu," akasema, akakichomoa taratibu, kama anayekichomoa mwilini mwa mtu.

Mkahawa ule watu waliuita Kwa Saa, kwa sababu ya saa kubwa ya ukutani iliyoonekana tangu barabarani, ile yenye chuma kinachoning'inia na kuyumba kushoto na kulia. Ulikuwa na meza kumi na nne za marumaru zilizopoteza mng'ao kwa kuegemewa na viwiko vya vizazi vitatu. Ulikuwa na kioo kirefu chenye maua yaliyochongwa pembeni, vigae vyeusi na vyeupe sakafuni, na orodha ya vyakula iliyoandikwa ukutani kwa brashi, kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa. Walioposana kwenye meza ya dirishani waliwaleta wajukuu zao kuiona. Mji wote ulibadilika, barabara ikapanuliwa mara mbili, lakini ukiingia Kwa Saa ulinywa chai ile ile, katika kikombe kile kile kizito, na ukatoka ukijisikia kwamba hakuna kitu kilichopotea duniani.

Mama Mwiko alikuja hapo miaka ishirini na saba iliyopita. Dada yake mkubwa, mke wa mwenye mkahawa, alikuwa ameugua, naye akaja kushika jiko kwa wiki mbili. Wiki mbili zile zilikuwa hazijaisha mpaka leo. Dada alifariki, mdogo mtu akabaki na mwiko mkononi, na wateja wakampa jina lililomfaa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuunguza wali. Hakuwahi kurudishiwa sahani. Hakuwa na nyumba yake, wala mtoto, wala shamba. Alikuwa na mkono wake tu, na mkono huo ulijulikana.

Alimkuta shemeji yake ukumbini, amesimama juu ya kiti, ananyoosha saa. Bwana Saa alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyevaa shati jeupe na kufunga kifungo cha juu hata siku za joto.

"Imesimama tena," alisema bila kugeuka. "Naiamsha asubuhi, ikifika saa mbili inalala. Nadhani ni vumbi la hao wachimbaji."

"Shemeji, shuka tuongee."

"Ongea tu, masikio yangu hayapo miguuni."

"Ule ufa wa jikoni umemeza kisu. Kizima. Nimesikia upepo wa nje ukipita ukutani."

Bwana Saa alikunja kipande cha kadibodi akakipachika nyuma ya saa, upande wa chini. "Nyumba ya zamani ina nyufa kama mzee alivyo na makunyanzi. Baba alijenga ukuta huo kwa mawe, si kwa hizi biskuti za siku hizi."

"Baba hakujua kwamba watu watakuja kuchimba shimo la ghorofa nne kwenda chini, hatua tatu kutoka kwenye jiko lake."

"Leo unajua ni siku gani?" Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Mama Mwiko hakuiona tangu msiba. "Gazeti la Jumapili limetutoa ukurasa mzima. Jana watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Leo watakuja wengi zaidi. Wanakuja kwa sababu hatujabadilisha kitu, shemeji. Dada yako alisemaje? Usibadilishe kitu. Sasa dunia nzima imeona alikuwa na haki."

Mama Mwiko alikuwepo siku dada yake aliposema maneno yale. Alikuwa ameshika beseni upande wa pili wa kitanda.

"Tufunge leo tu," akasema. "Siku moja."

"Siku moja nifunge, waseme nimekufa?" Akashuka, akaupangusa mguu wa kiti kwa leso. "Wahi jikoni. Maharage hayajichochei yenyewe."

Saa tatu alikuja mwashi mmoja aliyekuwa kibarua kwenye shimo lile, mtu mfupi aliyekunywa chai hapo kila asubuhi kabla ya kushuka kazini. Walimwita Fundi Timazi, kwa kuwa hakuachana na uzi wake wa kupimia wima wa kuta, wenye risasi ya chuma nchani; ulikaa mfukoni kama tasbihi. Mama Mwiko alimwita jikoni akijifanya anataka kumwonyesha bomba linalovuja.

Fundi aliutazama ufa. Alitoa uzi, akaushikilia juu ya ukuta kwa kidole gumba, akaiacha risasi iteremke. Kwa juu uzi uligusa ukuta. Kwa chini, kati ya uzi na ukuta pangeweza kupita ngumi ya mtu mzima.

"Saa ya shemeji yako inasimama?" akauliza.

"Umejuaje?"

"Saa ya aina ile haitembei kwenye nyumba iliyolala upande. Sio mbovu. Inasema kweli." Alikuwa bado na kipande cha mkate mkononi, akakitazama, akakiweka juu ya meza. "Mama, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakusema habari za ukuta uliosimama juu ya hewa. Chini ya hapa tulipo hakuna udongo tena. Mvua ya juzi imeukomba wote."

"Na wewe umejua tangu lini?"

Fundi aliangalia viatu vyake. "Nimemwambia nyapara tangu juzi. Akanijibu kwamba nimeajiriwa mikono, mdomo niuache nyumbani."

"Itaanguka lini?"

"Mimi si nabii. Leo. Kesho. Ukiona ufa unatoa mchanga, usisubiri kumaliza kukoroga. Lakini sikiliza, mama, usije ukapiga kelele. Mlango wenu wa mbele ubawa mmoja umekwama, na kuna ngazi. Watu sitini wakikimbia hapo kwa pamoja, wataumizana kabla ukuta haujawagusa. Na huku nyuma kukikanyagwa kwa kishindo..." Hakumaliza. Akaurudisha uzi mfukoni. "Nakwenda kuwatoa wenzangu shimoni. Wakinifukuza, wanifukuze."

Alitoka bila kunywa chai yake. Mama Mwiko alimrudia shemeji yake na habari hiyo, naye akamjibu yale yale ya asubuhi.

Kufika saa sita na nusu, Kwa Saa hapakuwa na pa kutia mguu. Walikuja wazee wa siku zote, na walikuja wageni waliosoma gazeti: wanandoa waliovaa nguo za safari, wanafunzi wa chuo wenye kamera, familia moja yenye watoto watano na bibi aliyebebwa kwenye kiti. Walipiga picha kioo, vikombe, mwandiko wa ukutani. Msichana mmoja alijipenyeza hadi mlango wa jikoni akaelekeza simu yake juu.

"Jamani, tazama!" akamwambia mwenzake. "Hata nyufa zake zina uzuri."

Mama Mwiko alikuwa amesimama mbele ya masufuria matatu: wali, maharage, mchuzi wa nyama. Kila baada ya muda alitupa jicho juu ya mlango wa stoo. Mhudumu, jitu lenye mwendo wa kobe ambalo wateja walilibatiza Mwendokasi, aliingia na trei tupu.

"Sahani kumi na mbili za mwanzo, mama. Bosi amesema uzipambe, kuna mtu wa gazeti amerudi."

Hapo ndipo Mama Mwiko alipousikia. Ulikuwa mlio laini, wa kama mtu anayemwaga mchele pole pole kwenye ungo. Kutoka kwenye ufa, mchanga ulikuwa unateremka, mwembamba, wa mfululizo, kama unga unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Ulikuwa umefanya kichuguu kidogo sakafuni. Na kichuguu kilikuwa kinakua.

Mama Mwiko hakupiga kelele. Akatazama ukumbini kupitia kidirisha cha kupitishia sahani: vichwa vyote vile, vinywa vile vikicheka, bibi kwenye kiti chake, watoto chini ya meza. Akatazama mlango mmoja wa mbele, ubawa mmoja wazi.

Kisha akavuta debe la chumvi.

Alitia konzi ya kwanza kwenye mchuzi, na mkono wake ukasita wenyewe, kama punda aliyefika mahali asipopajua. Mkono ule kwa miaka ishirini na saba ulikuwa unapima chumvi gizani bila kukosea. Akaulazimisha. Konzi ya pili, ya tatu, ya nne. Akaenda kwenye maharage. Akaenda kwenye wali, akaigeuza chumvi ndani kwa mwiko mpaka chini. Chai nayo akaitia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Hata yangedondokea mle, yasingeongeza kitu.

"Mama," Mwendokasi alinong'ona, macho yamemtoka. "Umefanya nini?"

"Peleka. Meza zote kwa pamoja. Wakirudisha, usibishane. Waambie jiko limeharibikiwa, waende zao, pole sana. Na ukimaliza meza ya mwisho, wewe mwenyewe usirudi huku. Pita mlango wa mbele, moja kwa moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama yako alinikabidhi wewe ukiwa mzima."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mwendokasi alikwenda mbio.

Vijiko vikasimama hewani. Halafu mtu akakohoa. Mwingine akatema kwenye leso. "Hiki nini? Bahari?" Kicheko, kisha si kicheko tena. Viti vikaburuzwa. "Gazeti linatudanganya sana." "Twende zetu, mtoto amelamba hii na analia." Sauti zilipanda, lakini hakuna aliyekimbia. Mtu aliyeudhika hakimbii. Hutembea kwa maringo ili aonekane akiondoka. Walitoka wawili wawili, wakinung'unika, wakishuka ngazi kwa utulivu. Wanafunzi wawili walikibeba kiti cha bibi. Kila mgongo uliopita mlangoni, Mama Mwiko aliuhesabu kwa midomo, na kila aliyepita alitoka na jina jema la mpishi mdomoni, ameshalitafuna.

Alibaki mmoja. Mwalimu mstaafu, mwenye meza yake kando ya kioo tangu alipokuwa na nywele nyeusi, alikuwa anakula. Aliinua kijiko, akameza, akafumba macho kidogo, akainua kingine.

Mama Mwiko aliliacha jiko akamwendea kwa hatua nyepesi, kana kwamba sakafu ilikuwa imetandikwa mayai.

"Mwalimu, acha. Kina chumvi."

"Najua kina chumvi, mwanangu. Sijafa ulimi." Akajipangusa mdomo. "Ila wewe hukosei. Nikasema, kama ameitia, ana lake. Siwezi kukuaibisha mbele ya watoto wa jana."

Mama Mwiko akainama sikioni mwake. "Ukuta wa nyuma unaondoka. Simama pole pole, unishike mkono, tutoke kama tunaokwenda harusini."

Mzee alichukua kofia yake. Wakatoka.

Nje, barabarani, Bwana Saa alikuwa anazunguka kati ya wageni wake, mikono imekusanywa kifuani, akiomba radhi kwa huyu na kwa yule. Wengine walikwisha kuondoka. Wengi walisimama ng'ambo ya barabara wakijadili njaa yao. Alipomwona shemeji yake, alimjia na uso wa mtu aliyepigwa kofi.

"Nimeonja," akasema. "Nimeonja mwenyewe. Hilo si kosa. Mtu hakosei masufuria matatu na birika."

"Sikukosea."

"Kwa hiyo ulikusudia! Umenivua nguo mbele za watu, siku moja niliyopata tangu..." Sauti ikamkatika. "Usikanyage tena humu. Ishirini na saba, thelathini, sijali. Chukua nguo zako uende." Akageuka kuelekea ngazi.

Na wakati huo huo, nyuma ya nyumba, mashine ikanyamaza.

Ukimya ule ulimwingia Mama Mwiko kwenye mifupa kuliko kelele za wiki nane. Fundi hatimaye alikuwa amewatoa wenzake; ukuta ulikuwa haungoji tena. Na shemeji yake alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

"Nenda!" alimpigia kelele. "Nenda kalale na meza zako! Mchoyo wewe!"

Bwana Saa alisimama. Katika maisha yao Mama Mwiko hakuwahi kumnyanyulia sauti.

"Unasemaje?"

"Nasema mchoyo. Na baba yako alikuwa fundi wa vibanda vya kuku." Watu ng'ambo ya barabara waliwatumbulia macho. Yeye hakujali, alitaka kitu kimoja tu: zile nyayo zigeuke. Zikageuka. Bwana Saa alirudi hatua mbili, kidole juu.

"Mtaje baba yangu tena! Mtaje!"

"Nimemtaja. Rudi hapa nikwambie na mengine."

"Huna adabu. Umekula chakula changu—"

"Nimekipika, ndiyo maana kililika."

Alimrushia kila neno lililomjia, maneno ya sokoni, maneno ya kitoto, hata yasiyo ya kweli, na kila neno lilimvuta hatua moja. Lakini hasira ya mzee nayo ina mwisho. Pumzi ilimwishia. Akapunga mkono, kama anayefukuza nzi, akageuka tena kwenye ngazi, safari hii bila haraka, mabega yamelala.

Ndipo Mama Mwiko alipotoa lile alilokuwa amelificha miaka ishirini na saba.

"Dada hakusema vile."

Mguu wa Bwana Saa ulibaki hewani.

"Alisema, usibadilishe kitu mpaka nitoke hospitali. Nilikuwepo. Nilishika beseni. Alikuwa anaogopa utalipaka rangi jiko lake kabla hajarudi. Mpaka nitoke hospitali, shemeji. Wewe ulichukua nusu, na mimi nikakuachia, kwa kuwa niliona inakubeba."

Bwana Saa alirudi. Hakuja kwa hasira. Alikuja pole pole mpaka akasimama mbele yake, karibu sana, akimwangalia machoni kama anayesoma barua yenye wino uliofifia.

"Mpaka nitoke hospitali," akarudia.

"Ndiyo."

Kishindo hakikuwa kikubwa kama walivyodhani baadaye walipokisimulia. Kilianza kama pumzi ndefu. Kisha sauti ya sufuria zikianguka, moja baada ya nyingine, zikianguka kwenda mbali, chini, chini zaidi, kama zinazotupwa kisimani. Vumbi likatoka kwenye mlango wa mbele, jeupe, bila haraka, likashuka ngazi kama mgeni wa mwisho.

Mtu akapiga ukelele. Mtoto akalia. Fundi Timazi akaja mbio kutoka kona, mwili mzima udongo, akipaza sauti: "Kuna mtu ndani? Mama, kuna mtu?"

"Hakuna," Mama Mwiko akajibu. Sauti yake ilimshangaza kwa udogo wake. "Wote wako nje."

Vumbi lilipotulia, waliona. Ukumbi ulikuwa umesimama mzima: meza, vigae, kioo, sahani zilizojaa. Lakini mahali palipokuwa na mlango wa jikoni palikuwa na mwanga wa mchana, mwingi, wa kuumiza macho, na ndani ya mwanga ule mnyororo wa mashine ulikuwa ukining'inia bila kitu. Msichana wa simu alikuwa ameiinua simu yake kutaka kupiga picha. Akaishusha.

Mwalimu alivua kofia. Bwana Saa alikuwa anaitazama nyumba ya baba yake, midomo inacheza, na ukuta wa mbele nao ulionekana kuwatazama, na madirisha yake mawili ya juu, na ubao wake wa jina, umenyooka, au karibu umenyooka.

Kitu kikalia mahali fulani ndani ya mawe. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa kidole kinachovutwa ili kilie.

Bwana Saa alinyoosha mkono bila kuondoa macho mbele, akamshika shemeji yake kiwiko.

"Turudi nyuma kidogo," akasema.

Wakarudi hatua moja. Kisha nyingine.